Mlango wa Njano

Siku Mshoni alipoanguka juu ya cherehani yake, kaka yake, Msanifu wa majengo, alikuwa sebuleni anatafuta msumari wa kutundikia cheti. Kilikuwa cheti cha karatasi nene, chenye mhuri wa rangi ya dhahabu na maneno ya kumsifu: jengo bora la umma la mwaka, kituo cha afya kinachounganisha watu. Msumari akaupata, akaupigilia, akarudi nyuma hatua mbili kutazama kama kimenyooka. Maana bwana yule hakuwa na subira na kitu kilichopinda, hata kama ni mkeka. Ndipo cherehani iliponyamaza katika chumba cha uani, na baada ya kunyamaza kikasikika kishindo.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha darasa la tatu, ndiye aliyewahi kufika. Wakamwinua wote wawili. Msanifu akashangaa jinsi dada yake alivyokuwa mwepesi. Mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, mwepesi kama mto wa kulalia.

"Malaria hiyo," Msanifu akasema. "Tafuta kanga, twende kituoni sasa hivi. Pale hatutachelewa."

"Usimpeleke kituoni," mkewe akajibu.

"Kwa nini?"

"Njoo nje kidogo, baba watoto. Nina neno."

Wakasimama kando ya tangi la maji. Mwalimu alikuwa mtu wa kusema kwa sauti ya darasani, lakini siku hiyo alisema chini chini huku akitazama mlango. "Wifi yangu ana virusi. Mwaka wa sita huu. Alikuwa anatumia dawa, akawa mzima kama wewe na mimi. Sasa ameziacha."

"Na wewe umejua lini?"

"Mwaka wa sita huu."

Msanifu akahisi kama amevuliwa shati mbele ya watu. Nyumba yake, dada yake, meza yake wanayokula pamoja kila siku, na yeye ndiye wa mwisho kujua. "Mimi kaka yake wa tumbo moja sikuambiwa?"

"Wewe ni mtu wa uwazi," Mwalimu akasema. "Wewe unaondoa hata pazia la bafuni. Alikuogopa. Na tangu lini ameacha, muulize mwenyewe, mimi nimeshasema hata nisilotumwa."

Mshoni alikuwa amelala ubavu, uso ukutani. Kwenye cherehani gauni la mteja lilikuwa bado limebanwa na sindano, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado.

"Usisimame hivyo kama mwenye nyumba anayedai kodi," akasema bila kugeuka. "Kaa, kaka."

Akakaa kwenye kigoda. "Umeacha dawa tangu lini?"

"Tangu mlipofungua."

"Mlipofungua nini?"

"Jumba lako."

Kituo kile kilikuwa na miezi minane. Msanifu ndiye aliyekichora kila mstari, na kila mstari aliupenda. Mahali pa korido za giza za kituo cha zamani aliweka ukumbi mmoja wa duara, mwanga ukiingia kutoka juu. Mabenchi aliyazungusha yatazamane, ili mgonjwa asikae anatazama kisogo cha mwenzake bali amwone usoni, amsalimu, amuulize habari za nyumbani. Milango yote saba ikafungukia ukumbini, kila mmoja na rangi yake, ili hata asiyejua kusoma asipotee: bluu ya meno, kijani ya watoto, njano ya chumba cha sita. Chumba cha sita kilikuwa cha dawa za virusi. Njano aliichagua mwenyewe kwa sababu ni rangi ya furaha.

"Kule kwa zamani," Mshoni akasema, "palikuwa na ujia nyuma, pale panapochomwa taka. Ukipita unaziba pua. Lakini unaingia mlango wa nyuma, unapewa dawa zako, unatokea kwenye mabanda ya mkaa kama mtu aliyetoka kununua mkaa. Miaka mitano nimenunua mkaa, kaka. Mnapikia gesi nyumba hii, wala hukuwahi kuniuliza mkaa ule ni wa nini."

"Lakini kuna ubaya gani kukaa na watu? Si ndugu na majirani?"

"Ndio hao hao." Akageuka, akamtazama. "Mara ya kwanza niliitwa, nikaenda. Sita ishirini na moja, mlango wa sita, wa njano. Kipaza sauti chako kizuri, hakikwaruzi. Mara ya pili mteja wangu akaja akakaa mbele yangu, goti kwa goti. 'Fundi, nawe umekuja chumba gani?' Nikamwambia jino. Basi akanisindikiza, maskini, kwa upendo. Akanishika mkono mpaka mlango wa bluu. Nikaingia nikang'olewa jino."

"Jino lililokuwa linauma?"

"Jino zima, kaka. Niling'ang'ania mpaka daktari akachoka nami." Akapanua mdomo, akaonyesha pengo. "Uliponiuliza nikakwambia nimeuma mfupa. Mara ya tatu nilikaa, nikaitwa mara tatu, sikuinuka. Sijarudi tena."

Msanifu akasema lililokuwa karibu. "Si ungeniambia nikingali nachora?"

"Nilikuambia nishone mapazia ya ile milango, bure, hata kitambaa nitoe mimi. Ukanijibu jengo la umma halivai pazia. Ukasema mficha uchi hazai." Akafumba macho. "Na vipimo vya mabenchi ulivichukua kwangu. Umesahau? Mimi na wifi kwenye vigoda, wewe na tepu yako. Ulitusogeza mpaka ukasema hapo hapo, mtu anaweza kumpa mwenzake kiberiti bila kuinuka. Tulicheka sana siku ile."

Hakuwa amesahau. Ilikuwa sentimita themanini.

Kesho yake asubuhi Msanifu alikwenda kumwona Nesi Mkuu, mama mmoja aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, na ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kwa kusimama miaka thelathini. Alimkuta anakunywa chai kwenye kikombe kisicho na mkono.

"Nilikuambia ule ujia uuache," Nesi akasema alipomaliza kusikiliza. Hakuonyesha mshangao. Wanaoacha dawa alikuwa anawahesabu kila mwezi.

"Ulisema tu niuache, mama. Hukusema sababu."

"Ningesema vipi, na wewe umeshika kalamu unaandika kila ninachotamka?"

Ni kweli aliandika. Siku tatu alishinda kituo cha zamani na dodoso lake, akawauliza watu mia na arobaini wanataka nini. Wakataka mwanga, wakataka hewa, wakataka kujua zamu yao inafika lini. Kwenye ujia wa nyuma alisimama asubuhi nzima, na kila aliyemkaribia akimwona aligeuza njia. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: ujia wa nyuma, hautumiki ipasavyo, uondolewe.

"Watu wa ujia hawajibu dodoso, mwanangu," Nesi akasema. "Wangekuwa watu wa kujibu wasingepita ujiani. Kitanda usichokilalia hutawajua kunguni wake. Sasa mlete dada yako."

"Hataki kusikia. Anasema afadhali afe."

"Wote wanasema hivyo, na wengine hutimiza." Akaweka kikombe chini. "Basi njoo wewe na kadi yake. Mgawa dawa yupo Alhamisi tu. Nitaacha maagizo akupe za wiki mbili, na Jumamosi nitakuja mwenyewe kumpima. Lakini nambari uchukue kama watu wote. Mashine bila nambari haifungui jalada la mgonjwa. Nayo uliitaka wewe, ili pasiwe na upendeleo."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu wa Idara, mtu mnene mwenye bashasha, aliyekuwa akiandaa hotuba ya kuwapokea wageni. Jumatatu walikuwa wanakuja watu wa mbali kuliona jengo, wachukue mfano.

"Ukuta wa mita nne tu, mzee," Msanifu akasema. "Hata wa mbao. Tuukinge mlango wa sita, tutoboe mwingine nyuma. Nimeshauchora."

"Wewe?" Mkuu akacheka. "Wewe uliyetufokea kikao kizima kwa ajili ya pazia? Jengo limepata tuzo kwa uwazi wake, leo nilizibe? Wageni watapiga picha ya nini?"

"Watu wa chumba cha sita wanaona haya."

"Haya gani? Ngoja nikusomee." Akachakura makaratasi mezani. "Mwaka jana chumba cha sita, mia tatu na kumi kwa mwezi. Mwezi uliopita, tisini na wanane. Ugonjwa unakimbia, Msanifu! Hili nimeliweka kwenye hotuba. Jengo linaponya kabla daktari hajashika sindano."

"Hawajapona. Wameacha kuja."

"Nani kasema?"

Hapo palikuwa mahali pake pa kusema. Maneno yalikuwa mawili tu, dada yangu, na yalikuwa yamefika mdomoni. Mkuu alimtazama kwa macho mapole, kalamu mkononi, tayari kuandika.

"Watu," Msanifu akasema.

"Watu gani? Niletee majina, nitayapeleka kwenye kamati." Akampigapiga begani. "Nenda kapumzike. Tuzo nazo huchosha."

Alhamisi ikafika. Mshoni alimpa kadi ameifunga ndani ya kitambaa, tena ndani ya mfuko, na Msanifu akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti ingawa jua lilikuwa kali. Mlangoni mashine ilimtaka achague rangi. Akatazama nyuma, akabonyeza njano. Ikatoka karatasi: sita kumi na saba. Akaikunja mara nne ikawa ndogo kama punje ya mahindi.

Ukumbi ulikuwa umejaa, nao ulikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe. Mwanga uliteremka kutoka juu ukawakalia wote sawasawa, wenye viatu na wasio navyo. Wanawake wawili waliokuwa hawajuani walikuwa wanabadilishana mtoto ili mmoja afunge kanga vizuri. Mzee mmoja alikuwa anasimulia habari za ng'ombe wake, na benchi zima la mbele linamjibu. Ndicho alichokitaka Msanifu. Alikaa benchi la dirishani, na mbele yake, goti kwa goti, akaja kukaa fundi viatu wa mtaani kwao.

"Ah, Msanifu mwenyewe!" fundi viatu akasema, akageukia watu. "Jamani, huyu ndiye aliyelichora jengo hili. Jirani yangu huyu, kiatu alichovaa nimekishona mimi." Watu wakatabasamu, wengine wakainua mikono kumsalimu. "Na leo umekuja chumba gani, jirani?"

"Nimekuja kukagua sakafu."

"Kagua, baba, kagua. Ipo imara."

Wakazungumza habari za mvua. Kisha kipaza sauti kikaita, kwa sauti safi isiyokwaruza: sita kumi na saba, mlango wa sita, wa njano.

Vichwa vikainuka. Hapakuwa na ubaya mwingi kwenye nyuso zile, ndugu yangu, usije ukawaonea. Ni watu waliokaa muda mrefu bila kitu cha kutazama. Macho yakazunguka duara lote, yakapita uso hadi uso, na kwa kuwa mabenchi yalitazamana hakuna uso uliobaki nje.

"Sita kumi na saba," kikarudia.

Fundi viatu akainama, akanong'ona. "Kuna njano humu leo. Tutamwona tu, hapa hapana pa kujificha." Neno hilo Msanifu alikuwa amelisikia sokoni zaidi ya mara moja, yule ni njano, usile kwake, akadhani ni utani wa mpira. Fundi viatu akacheka kidogo. Msanifu naye akacheka.

Kutoka benchi lile hadi mlango wa sita ni hatua kumi na moja. Hakuhitaji kuzipima, zilikuwa kwenye mchoro. Kipaza sauti kikaita mara ya tatu. Akainuka kweli, miguu ikamchukua, ikampeleka ukutani. Akagonga kigae kwa kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na kazi ya mafundi. Kisha akatoka nje, na kadi ya dada yake kifuani.

"Mgawa dawa hakuja," akasema alipofika nyumbani.

Mshoni alikuwa ameegeshwa kwenye mito miwili. Alimtazama kaka yake kitambo, jinsi mshoni anavyotazama mshono wa mwenzake. "Ulikaa benchi la upande gani?"

"La dirishani."

"Mbele yako alikaa nani?"

"Fundi viatu."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nimekuja kukagua sakafu."

Mshoni akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, na Mwalimu akaja mbio na maji. Kilipomwachia, akajifuta machozi kwa ncha ya shuka. "Afadhali yako, kaka. Mimi nilitoa jino."

Msanifu akaanza kulia hapo hapo kwenye kigoda, mtu mzima na ndevu zake, na mgonjwa ndiye akawa wa kumbembeleza. Mwalimu alichukua ile kadi bila kumtukana, na kutotukanwa kule kulimuuma kuliko tusi. Alfajiri ya Ijumaa akaacha darasa lake, akaenda kituoni, akachukua nambari, akaitwa na mashine isiyojua Alhamisi wala Ijumaa, akaenda mlango wa njano mbele ya wazazi wa wanafunzi wake watatu. Chumba kilikuwa kimefungwa. Mgawa dawa yupo Alhamisi tu, kama alivyosema Nesi, lakini ilibidi mtu mmoja wa nyumba ile azipige zile hatua kumi na moja.

Jumamosi Nesi alikuja na mkoba wake. Alimpima Mshoni, akasikiliza kifua muda mrefu, akatoka nje kuongea na wenye nyumba. Akasema hapa si mahali pa vidonge tena, tafuteni gari mkampeleke hospitali kuu. Wakampeleka. Jumatatu Msanifu aliwatembeza wageni, akajibu maswali yao yote, akapigwa picha katikati ya duara huku Mkuu akisoma kwamba ugonjwa unakimbia. Jumanne saa nne asubuhi Mshoni akafa, Mwalimu akiwa amemshika mguu.

Msibani watu walijaa mpaka barabarani. Wateja walileta nguo alizowashonea, wakasema mkono wake ulikuwa mwepesi. Kila aliyekaa karibu na Msanifu alimuuliza swali moja, alikuwa na nini, na kila aliyeuliza alijibiwa nimonia. Mwalimu alimtazama mara ya kwanza, baadaye akaacha kumtazama.

"Nimonia mbaya sana," fundi viatu akasema kwa huzuni ya kweli. "Na kituo kizuri vile hapo mlangoni. Ni kudra."

Nesi Mkuu alikuja jioni na miguu yake mizito. Alimwita Msanifu kando. "Najua unachojitesea. Usijitese kwa ajili ya Alhamisi, mwanangu. Siku mbili hazikumuua. Ni miezi minane." Alisema hivyo ili kumfariji, akamshika mkono, akaenda zake.

Baada ya wiki mbili kituo kikatuma ujumbe kwamba kadi irudishwe, jalada lifungwe. Mwalimu akanyoosha mkono aichukue, Msanifu akakataa. "Naenda mimi," akasema. Alikuwa amejiapiza. Atachukua nambari ya njano, ataitwa, atainuka, atakwenda taratibu hatua zote kumi na moja, na atakayetaka kutazama atazame mpaka achoke. Kama dada yake hakupata hilo akiwa hai, atalipata angalau sasa.

Alipewa sita tisa. Akakaa benchi lile lile la dirishani. Karatasi hakuikunja, aliishika wazi juu ya goti. Miguu ilikuwa tayari.

"Sita nane," kipaza sauti kikaita. "Mlango wa sita, wa njano."

Hakuna aliyeinuka. Ukumbi ukatulia. Mazungumzo yakakatika moja moja, vichwa vikaanza kugeuka.

"Sita nane."

Naye Msanifu akajikuta anatazama. Hakukusudia. Macho yalikwenda yenyewe, kama ya watu wote, yakapita uso hadi uso, yakashuka kwenye mikono kutafuta nani amefumba ngumi. Yakafika benchi la mbele, yakasimama kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anatazama sakafu, kikapu mapajani, vidole vimebana karatasi mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Akamjua. Alikuwa mke wa fundi viatu.

Msanifu alitaka kugeuza uso. Kabla hajageuza, mwanamke akainua macho, wakatazamana ana kwa ana.

"Shikamoo, Msanifu," akasema. "Pole na msiba."

"Marahaba, asante," Msanifu akajibu. "Nawe umekuja..." Akajizuia, lakini swali lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu ilitosha.

"Jino," mwanamke akasema. Akainuka, akaweka kikapu vizuri begani, akapita katikati ya duara mbele ya watu wote, akaenda kugonga mlango wa bluu.